Mkanda Uliompanda Akinyi Mpaka Mbavuni

Homa Bay,
Jumanne jioni

Dada yangu Mwanaidi,

Kabla sijaanza kelele zangu, niambie kwanza: goti lako linakunjika sasa, au bado unaswali kwenye kiti? Na Mama je, dawa zake za presha anazimeza, au bado anazificha chini ya mto na kukuapia kwamba amemeza? Mimi huku ni mzima. Nalala, naamka, nakula samaki mpaka nahisi karibu nitaota mapezi. Kinachonisumbua ni hasira tu, na hasira yenyewe leo ina siku sita. Nimeamua kukuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu utaniambia "haya basi, tulia," kisha mtandao ukatike nibaki na maneno mdomoni.

Kazi yangu unaijua. Nafundisha watu kusimama juu ya ubao wenye tanga na kwenda na upepo, kazi ile ile niliyokuwa nikiifanya huko Kilifi, isipokuwa huku maji hayana chumvi na adui yetu ni gugu maji. Upepo ukilisukuma linaziba ufuo mzima, unaamka asubuhi unadhani ziwa limegeuka shamba la sukuma wiki. Kambi yetu ya wageni iko nje kidogo ya mji. Ina vibanda sita, jiko, banda la vyombo, na meneja mmoja anayejiona yeye ndiye aliyelichimba ziwa.

Miezi minane iliyopita alikuja binti mmoja kuomba kazi ya jikoni. Anaitwa Akinyi, ana miaka ishirini na mitatu, ametoka Sori, huko Nyatike upande wa Migori. Mama yake hununua omena kwa wavuvi, huwaanika, kisha huwauza. Akinyi ana kiuno chembamba na mabega ya mtu aliyebeba makarai ya samaki tangu utotoni. Kila akipata mapumziko alikuwa anakuja kukaa ufuoni kunitazama nikifundisha. Siku ya nne nikamuuliza kama anataka kujaribu. Akavua aproni pale pale, akaikunja, akaiweka juu ya jiwe.

Nilimuuliza baadaye kwa nini anaitaka kazi hii kwa nguvu kiasi hicho. Akanijibu bila kunitazama.

"Sori mwanamke anangoja kwa bichi, madam. Boti ikikuja, mwenye boti ndiye anachagua atauzia nani, na anataka apewe nini juu. Mama yangu amengoja hapo maisha yake yote. Mimi nataka kuwa mwenye anatoka kwa maji."

 Toka siku ile nikamfundisha kwa moyo wote, na kwa miezi michache tu akawa ananipita kwenye kona. Kwa hiyo nafasi ya mwalimu msaidizi ilipotangazwa, nililipeleka jina lake mimi mwenyewe. Mwingine aliyeomba ni Kevin, kijana wa mapokezi ambaye naye hupanda ubao, mrefu, mtaratibu, ambaye sina ugomvi naye wowote. Ugomvi wangu ni na meneja, na ugomvi wenyewe ni mkanda.

Wewe hujawahi kupanda ubao, hebu nikueleze. Tanga lina bomba la kushikia, na mtu hulishika kwa mikono miwili. Upepo ukikolea, mikono peke yake haifiki mbali. Baada ya dakika kumi vidole vinakufa ganzi. Ndiyo maana tunavaa mkanda mpana wenye kulabu mbele. Ile kulabu unaiingiza kwenye kamba iliyofungwa kwenye bomba, kisha unaegemea nyuma kana kwamba unaketi, na nguvu ya tanga inabebwa na mwili badala ya mikono. Sasa mwili upi? Sehemu gani ya mwili? Hapo ndipo mkanda mzuri unapojulikana. Unatakiwa ukae chini, uukumbatie mgongo juu kidogo ya makalio, ukutegemeze kama kiti kizuri. Usichome, usiteleze. Ukiwa mkubwa kuliko mtu, unapanda. Ukipanda unakamata mbavu, na mbavu zikikamatwa hupumui.

Meneja alinunua mitano, yote saizi moja, yote saizi ya mwanamume aliyeshiba. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa myekundu na fulana zetu za kambi ni nyekundu! Watu wengine hununua viatu kwa kuangalia mguu, huyu ananunua kwa kuangalia shati. Nilipomuuliza kuhusu saizi akanipungia mkono.

"Madam Zuhura, hii inaingia kila mtu. Unavuta tu kamba za kando, kwisha."

Basi Jumatano iliyopita ikawa siku ya majaribio. Kila mmoja alitakiwa aende mpaka kwenye boya na kurudi, mara nne, bila kutia mguu ufuoni. Kevin alikwenda kwanza na mkanda wake wa zamani, ule aliouzoea, akamaliza vizuri. Kisha Akinyi, na mkanda mpya, maana mpaka mikanda hiyo ilipofika alikuwa akijifunza kwa mikono mitupu. Mzunguko wa kwanza ulikuwa safi. Wa pili nikaona anajichomoa kwenye kulabu, anashika kwa mikono mitupu, anarudi kulabuni, anajichomoa tena. Nikampigia kelele kutoka ufuoni, "Egemea! Egemea, Akinyi!" Mzunguko wa tatu akaanguka na hakuweza tena kulinyanyua tanga. Wavuvi waliokuwa wanapita ndio waliomleta.

Meneja wala hakungoja ashuke kwenye boti.

"Si mimi nilisema? Hawa wasichana mgongo yao ni ya kubeba ndoo, si ya hii kazi."

Akachukua karatasi yake ya majaribio akaandika mbele ya macho yangu: Hana mgongo. Dada, damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Nikamwambia mgongo wa kubeba ndoo ndio mgongo! Nikamuuliza yeye lini aliwahi kujitwika ndoo ya lita ishirini akapanda nayo kilima. Kila wakati ni hivyo hivyo. Mwanamke akibeba mzigo kutwa nzima, hiyo si nguvu, ni tabia yake tu. Akiomba kazi yenye jina, ndipo watu wanapoanza kumkagua mgongo.

"Madam, usinipigie kelele mbele ya wageni," akasema. "Jumapili nampa nafasi moja ya mwisho. Akishindwa, kazi ni ya Kevin, na hiyo maneno iishe."

Nilimfuata Akinyi kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Hakuwa analia. Aliinua fulana tu akanionyesha. Chini ya matiti, kushoto na kulia, ngozi ilikuwa imechubuka, na kwenye mbavu kulikuwa na michirizi myekundu kama mtu aliyechapwa.

"Si mgongo, madam. Hii kitu inanipanda. Nikiegemea inakuja mpaka hapa, pumzi inakataa."

Na mimi asubuhi ile nilikuwa nimemwambia nini? "Kaza zaidi." Alikuwa amekaza mpaka pande mbili za mkanda zikagusana mbele na hapakuwa na kamba ya kuvuta tena. Ulikuwa umefika mwisho wake na bado ulikuwa unampwaya.

Sasa nisikufiche, Mwanaidi, maana nikikuficha wewe nitamwambia nani? Mikanda ile ilipofika, meneja aliniita niijaribu kisha nitie sahihi kwamba iko sawa. Nikavaa mmoja. Nikasimama nao barazani, mkavu, sakafu ngumu, mikono kiunoni, nikageuka huku na huku. Ukanikaa. Bila shaka ulinikaa! Mwili wangu unaujua, Mama huniita kabati. Sikuning'inia popote, sikungoja hata dakika tano. Nikatia sahihi kwa mitano yote. Nilipima watu wote wa kambi kwa kiuno kimoja, changu. Kwa hiyo nusu ya hasira hii ninayokuandikia ni yangu mwenyewe, na ndiyo nusu inayoniuma zaidi.

Nilikumbuka fundi mmoja wa Kendu Bay, Fundi Rajabu, mwenye banda karibu na msikiti ninaokwenda Ijumaa nikipata nafasi. Anashona viti vya pikipiki. Bodaboda wa hapa hawamwamini mtu mwingine, wanatoka mbali kumfuata, kwa sababu ana taratibu yake: hafuniki sponji kwa ngozi mpaka mwenye pikipiki aikalie tupu, hapo hapo bandani, mpaka amalize kikombe kizima cha chai. Anasema makalio yakikaa mara moja yanasema ndiyo kwa kila kitu. Ukweli yanausema chai ikifika nusu.

Shida ilikuwa saa, maana kazini tulipata ruhusa ya Ijumaa tu. Akinyi ni Msabato, na Ijumaa jua likizama hashiki kazi mpaka Jumamosi jua lizame tena. Mimi na Fundi Rajabu tulikuwa na Ijumaa yetu ya mchana. Kati ya sala yetu na Sabato yake tulibaki na saa chache mno. Tulipotoka msikitini tulimkuta Akinyi amekaa kwenye gurudumu mlangoni mwa banda, mkanda mapajani, ameinamisha kichwa.

Fundi hakutuuliza mengi. Alifunga kamba kwenye boriti ambayo huning'inizia fremu za pikipiki, akamwambia Akinyi avae, aingize kulabu, aegemee nyuma kama anavyofanya ziwani. Kisha akamimina chai, akaketi, akaanza kunywa polepole huku anamtazama. Mimi nilitaka kusema, akaniinulia kidole. Kikombe kilipofika nusu, mkanda ulikuwa umekwisha panda kutoka kiunoni mpaka chini ya kifua.

"Kaa hapo hapo," akasema, akasogea na chaki. "Nyathina, inakuuma wapi?"

Yaani mwanangu, kwa Kijaluo, inakuuma wapi. Mwanaidi, mtu wa kwanza kumuuliza binti yule swali hilo alikuwa fundi wa viti vya pikipiki! Mimi mwalimu wake sikumuuliza. Meneja ndiyo kabisa. Akinyi akaonyesha hapa, na hapa, na hapa, na kila alipoonyesha fundi akatia alama.

Akaanza kukata. Alipunguza vidole vinne kila upande ili ule mkanda upate nafasi ya kukazwa. Mgongoni akaongeza sponji ngumu, ile ya viti vya masafa marefu, chini tu, pale panapotakiwa kubeba, na juu akapunguza. Kisha akashauri kitu ambacho mimi ningepaswa kukisema siku ya kwanza: mikanda miwili ya kupita mapajani, ili mkanda mkubwa usiweze kupanda hata ukitaka. Kila hatua ilikuwa ni kumning'iniza tena na chai nyingine. Nadhani mzee yule alikunywa birika zima.

Upande mmoja wa paja ulikuwa bado haujashonwa Akinyi alipotazama nje, akajifungua polepole, akaukunja mkanda na kumkabidhi fundi.

"Jua inaenda, mzee. Naomba uniruhusu."

Mimi nilitaka kumsihi. Dakika ishirini tu zilikuwa zinatosha! Lakini Fundi Rajabu alimwambia, "Nenda kwa Sabato yako. Mimi nina alama zangu za chaki," na mimi nikafunga mdomo. Alimalizia Jumamosi peke yake, na mkanda ukatufikia Jumapili asubuhi kwa bodaboda, umefungwa kwenye gazeti, uzi mweusi wa viti kwenye kitambaa chekundu. Niliivuta kamba ya kufungulia kulabu labda mara thelathini, maana mkanda unaokataa kufunguka mtu akianguka ni kifo. Ulifunguka kila mara.

Upepo ulikuja saa nane. Gugu maji lilikuwa limesogea ng'ambo na maji yalikuwa wazi. Akinyi akaingia, akanyanyua tanga, akaingiza kulabu, akaegemea. Nilikuwa nimeuma kidole. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Wa tatu nikamwona anaachia mkono mmoja, anajifuta macho, anaurudisha bila haraka. Alikuwa ameketi, dada. Amekaa juu ya upepo kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake nyumbani kwake. Akamaliza wa nne, na badala ya kurudi akaongeza wa tano. Wanawake wa jikoni walitoka wote na mikono yenye unga, wakapiga vigelegele. Mimi nililia, sikuficha.

Unadhani meneja alisema hongera? Alikuja akaushika ule mkanda, akaugeuza, akaupapasa.

"Kumbe siri ni mkanda. Sasa hiyo si haki kwa Kevin. Mpe Kevin hiyo hiyo, azunguke, tulinganishe."

Haki! Siku ile ya Jumatano neno hilo lilikuwa limelala wapi? Nilimwambia mkanda umekatwa kwa mwili wa Akinyi, hautamfaa mtu mwingine. Hakusikia. Kevin mwenyewe alisita, lakini bosi ni bosi. Akauvaa. Mrefu yule, nyonga hana, mkanda ukamkaa juu ya tumbo na ile ya mapajani ikambana. Alikwenda mpaka kwenye boya mara moja. Safari ya pili akarudi katikati ya njia, amejishika ubavu.

"Aki hii kitu imenikata, boss. Pumzi haiingii."

Na meneja, Mwanaidi, kwa mdomo ule ule, akamwekea mkono begani.

"Pole sana Kevin. Hiyo mkanda haikufai tu. Si makosa yako."

 Wanawake wa jikoni wakatazamana. Mbavu za Akinyi zilipochubuka, kosa lilikuwa la mgongo wake. Za Kevin zilipoguswa tu, kosa likawa la mkanda, na pole juu yake! Siku nne tu zilikuwa zimepita. Nilifungua mdomo niseme yote niliyokuwa nimeyakusanya, lakini Akinyi alinitangulia. Alisimama mbele yake, maji yanamtiririka.

"Meneja, ile karatasi yangu ya Jumatano iko wapi?"

"Ya nini tena? Si umepita?"

"Ilete na kalamu. Hiyo maneno umeambia Kevin, niandikie na mimi."

Alijaribu kucheka. Hakuna aliyemsaidia kucheka. Kevin ndiye aliyekwenda ofisini kuileta ile karatasi, bado kajishika ubavu, na akamkabidhi kalamu yeye mwenyewe. Meneja akakata yale aliyoyaandika, akaandika juu yake: Mkanda haukumfaa. Akinyi akaisoma, akaisoma tena, akamrudishia. Jana Jumatatu ameanza kazi.

Pole meneja hajamwambia mpaka leo. Na ile mikanda minne iliyobaki bado anataka wageni waivae, eti isiharibikie stoo. Nimeifungia, ufunguo ninao mimi, na akitaka kunifukuza anifukuze. Sitatia sahihi tena kwa kitu ambacho aliyekivaa hajaulizwa.

Jana tulipokuwa tunasuuza matanga nilimwomba Akinyi radhi. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyevijaribu vile vitu na kusema viko sawa, na mimi ndiye niliyemwambia akaze. Akaendelea kusuuza.

"Nilijua, madam. Nilivaa yangu siku ya kwanza nikajua si yangu. Lakini wewe ilikuwa imekuenea vizuri. Nikaona nikisema, mtasema mimi ndio niko mbaya."

 Nilishika upande wa pili wa tanga tukalikunja pamoja.

Nisalimie Mama, umwambie kabati lake bado linasimama. Msalimie shemeji, na Kaka Athumani akirudi kutoka Mombasa mwambie sijamsahau ingawa yeye amenisahau. Jirani yetu Bi Mwanaharusi mpe mkono kwa niaba yangu, na umwombe dua kwa ajili ya goti lako, maana dua zake hufika.

Na mwanao Biubwa nampa busu. Uliniambia analalamika kila asubuhi kwamba viatu vya shule vinambana, na wewe unamwambia atavizoea kwa sababu dada yake alivivaa bila neno. Dada, nakuomba. Mvue kwanza, mtazame miguu, ndipo umjibu.

Mdogo wako akupendaye, mwenye hasira na afya njema,

Zuhura